Fundi wa Bweremana na zawadi zilizokataa kukaa pamoja

Saa mbili asubuhi soko la Bweremana limeshachangamka, na Rosalie Uwizeye anasugua kipande cha kompyuta kwa raba ya mtoto wa shule.

Anasugua polepole, upande mmoja kisha wa pili, mpaka ukingo wake wa rangi ya dhahabu unang'aa. Anapuliza vumbi la raba, anakifunga kwenye kipande cha gazeti na kukiweka ndani ya beseni la plastiki. Ndani yake kuna vingine vya namna hiyo, na kando ya kila kimoja kuna kipande cha jibini kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

Wapita njia wanachungulia beseni na kucheka. Muuza ndizi aliye jirani naye anamuuliza kama siku hizi ordinateur, yaani kompyuta, zinakula jibini.

“Ordinateur hapana,” anajibu bila kuinua kichwa. “Wenye kuzitoa njo watakula.”

Rosalie ana miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto watatu na fundi wa kompyuta. Meza yake iko chini ya bati, ubavuni mwa kinyozi, na paneli moja ya jua inamtosha kuwasha mashine moja kwa wakati. Siku nzuri anaondoka na dola nane au kumi. Siku mbaya anaondoka na ahadi. Wakulima humlipa maharage, na binamu zake wa milimani humlipa jibini, kwa hiyo nyumbani kwake jibini halikosekani hata pale nyama inapokosekana.

Leo hatengenezi chochote. Leo anarudisha zawadi za watu, na moja kati ya hizo imemkaa rohoni kama mwiba.

Vipande vilivyo ndani ya beseni vinaitwa barrette na watu wa hapa. Ni kumbukumbu ya kompyuta, ile inayoshika kazi wakati kazi inafanyika. Wateja wengi huichanganya na sehemu ya kuhifadhia, naye Rosalie hachoki kuwaeleza kwa lugha ya kwao.

“Disque iko étagère, pale fromage inalala,” anasema, akimaanisha rafu ya jibini. “Barrette iko meza, pale unakatia. Meza ikikuwa kidogo, hata étagère ikuwe kubwa namna gani, kazi haiendi.”

Jibini analijua vizuri, maana ndilo lililomlea. Alizaliwa kwenye milima ya Masisi, binti wa mtengeneza jibini aliyeitwa Dusabimana. Mzee huyo alipokea maziwa ya majirani kila asubuhi, na kila kopo alilinusa na kulionja kivyake kabla ya kulimimina kwenye sufuria kubwa. Maziwa yaliyochelewa njiani hakuyachanganya na ya mapema, hata kama yalikuwa mazuri. Wala hakumwambia jirani kwamba maziwa yake yamekataliwa. Alimtuma Rosalie kurudisha kopo likiwa limeoshwa, na ndani yake kipande cha jibini.

“Papa alikuwa anasema kopo ya jirani hairudiake bila kitu,” anakumbuka. “Mutu anaona fromage, anasahau haya.”

Ufundi aliupatia Goma, alikokuwa akiwachapia watu barua na vyeti. Mashine ilipogoma na fundi akachelewa, aliifungua mwenyewe, akaiunguza, akafungua ya pili, hiyo ikapona. Vita vilipomleta huku ufukweni mwa ziwa, alibeba bisibisi kabla ya sufuria. Mumewe bado anamtania kwa hilo kila chakula kinapochelewa.

Juu kidogo ya soko kuna redio ndogo ya jamii: chumba kimoja, paneli chache za jua, na kompyuta moja ya mezani. Kila siku saa sita mchana husomwa matangazo ya watu. Nani amefariki na anazikwa wapi. Nani anamtafuta mtoto waliyepotezana naye njiani. Mbuzi wa nani ameonekana. Katika eneo ambalo familia moja inaweza kulala kwenye vilima vitatu, hakuna anayezima redio saa hiyo.

Mtangazaji, Papa Édouard, ni mkulima pia, na kusema kweli ni mkulima kwanza. Asubuhi hurekodi matangazo na kuyapanga ndani ya kompyuta. Kisha hupanda shambani, mashine ikasoma peke yake, naye akajisikiliza akiwa na jembe mkononi.

Mashine hiyo ilikuwa na giga mbili tu za kumbukumbu, na ilianza kwenda kwa kujikokota. Rosalie aliifungua, akasema inahitaji nyongeza. Redio haikuwa na kitu. Basi Papa Édouard akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba kila familia yenye barrette ilete, maana redio ni ya wote.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na Rosalie anajihesabia na yeye, kwa sababu alikuwa amesimama palepale na hakusema ni barrette ya aina gani. Hapa watu wamezoea salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. Anayekuja na jembe analima, na hakuna anayeupima mpini wake.

Watu walileta kweli. Nyingine zilitoka kwenye kompyuta zilizokufa, nyingine zilivuka ziwa kwa boti kutoka kwa watoto walioko mbali. Bibi mmoja alileta betri ya simu. Ikapokelewa kwa makofi kama nyingine zote.

Kisha akaja Papa Zéphyrin.

Papa Zéphyrin ni mtu wa Buleusa, huko Walikale, mwindaji wa nyavu na mbwa kabla ya kukimbilia kwa binti yake hapa Bweremana. Mwanawe, Élie, alikuwa mwalimu, na homa ilimchukua akiwa bado kijana. Siku ya kukimbia mzee aliacha nyavu zake, akabeba kompyuta ya mkononi ya Élie. Mvua ya njiani ikaimaliza. Mwaka jana aliipeleka kwa Rosalie, ambaye alikuta maji yamekula kila kitu isipokuwa barrette, akaitoa na kumpa mkononi.

“Papa, hii tu njo imebaki muzima,” alimwambia siku hiyo.

Ndiyo hiyo aliyoileta redioni, imefungwa kwenye kitambaa. Alivua kofia mlangoni.

“Kwetu, batu wakienda kuwinda, mwenye kutoa mbwa anapata fungu, hata mbwa yake haikukamata kitu,” aliwaambia waliokuwamo. “Mie sina tena mbwa. Niko na hii ya Élie.”

Rosalie aliona tatizo kabla kitambaa hakijafunguka chote. Barrette ya kompyuta ya mkononi ni fupi, karibu nusu ya ile ya mezani, na kata yake, ule mkato mdogo wa ukingoni, iko mahali pengine. Kwenye mashine ya redio isingeingia hata kwa nyundo. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu, na mzee alikuwa amesimama na kofia kifuani. Kumkatalia mtu zawadi mbele ya macho hayo yote ni kumvua nguo.

“Aksanti, Papa,” akasema, akaiweka kando ya nyingine.

Zilizoweza kuingia zilikuwa nne, nafasi zikiwa nne. Moja ya giga nne, mbili za giga mbili, na moja ya giga moja iliyokuwa ya zamani kuliko zote. Rosalie alizipima moja moja, kama baba yake alivyopima makopo, na kila moja ilikuwa nzima. Alijua fika kwamba barrette za ukubwa tofauti na mwendo tofauti huvumiliana leo na kugombana kesho, na kwamba zikielewana, zote hufuata mwendo wa ile inayochechemea. Kuzipima pamoja kungechukua siku nzima, na huenda kungemlazimu kumwambia mtu asante, yako haifai. Wenyewe walikuwa dirishani wakiangalia. Akatoa zile giga mbili za mwanzo, akazichomeka zote.

Mashine ikawaka na kuonyesha giga tisa. Papa Édouard aliitangaza tisa hiyo hewani kama mtu aliyepata mjukuu, akasoma majina ya waliotoa, na mwisho akasema, “na Élie wa Buleusa.”

Tangu siku hiyo, kila saa sita, Papa Zéphyrin anatoa kigoda nje ya mlango wa binti yake na kuweka redio juu ya goti. Watoto wakipiga kelele huwainulia kidole.

“Munyamaze,” huwaambia. “Élie iko kazini.”

Rosalie aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake akipita njiani na kuni. Alitaka kurudi amwambie, lakini siku moja ikazaa nyingine, na uongo ambao hakuwahi kuutamka ukazidi kuota mizizi.

Wiki haikupita, mashine ikaganda.

Alikuwa amefariki mama mzazi wa Mukandori, muuza mboga anayejulikana na soko zima. Tangazo lilirekodiwa vizuri: jina la marehemu, majina ya watoto, kisha mahali pa mazishi. Saa sita kompyuta ikasoma jina la marehemu, ikaanza watoto, ikanyamaza katikati ya jina la pili. Papa Édouard alisikia ukimya huo akiwa shambani, akatupa jembe na kuteremka mbio. Alipowasha upya, saa ya matangazo ilikuwa imepita na watu wengi wameshazima redio kwa kudhani betri imekwisha.

Ndugu wa milimani, waliolipata jina tu, walikwenda kwenye kilima alikozaliwa marehemu. Mazishi yalifanyika Bweremana, nyumbani kwa Mukandori. Walipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa.

Mukandori alikuja kwenye meza ya Rosalie. Hakupaza sauti.

“Mama alikuwa na batu mingi sana,” alisema. “Kaburi yake imefukiwa na majirani tu.”

Alikaa kidogo kwenye benchi la wateja, akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake. Rosalie anasema heri angetukanwa.

“Niliogopa kupatisha batu haya,” anasema, na hapa anaacha raba mezani. “Basi mama wa mutu akazikwa bila batu yake. Heshima ya namna ile haiko heshima. Iko woga.”

Kesho yake asubuhi alizitoa zote nne, akarudisha kwa muda zile giga mbili za mwanzo. Kisha akafanya kile ambacho, kwa maneno yake, angepaswa kukifanya kabla ya tangazo lolote. Aliketi kando ya Papa Édouard tangu saa ya kurekodi mpaka saa ya kwenda shamba, akamwambia afungue kila anachozoea kufungua, bila kujizuia.

Papa Édouard hakujizuia. Programu ya kukata sauti, ile ya kupiga muziki, kurasa za habari ambazo hazisomi, na picha za harusi ya binti yake kwa sababu anapenda kuziona akifanya kazi.

“Iko anafungua sawa mutoto wameacha peke yake na masufuria,” anasema Rosalie, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Aliandika kile mashine ilichoomba mzigo ulipokuwa mzito kabisa. Ilikuwa giga tano na ushei. Akaamua nane zinatosha, na nafasi ya kupumulia ibaki. Mjumbe mmoja wa redio alitaka kumi na sita, ili, kama alivyosema, shughuli iishe moja kwa moja. Rosalie alimuuliza kama nyumbani kwake mayai mawili yanapikiwa kwenye sufuria ya harusi. Mashine yenyewe ni kongwe, na fedha ya giga za ziada, hata ingepatikana, ingefaa zaidi kwenye betri ya paneli.

Alichohitaji zaidi ya wingi ni mapacha: barrette mbili za giga nne nne, za mwendo mmoja na kiwanda kimoja, ili zishike kazi kwa pamoja. Viateur, muuzaji wa vifaa vya mitumba aliyeko Goma, alimtumia kwa boti, na nusu ya bei Rosalie ataimaliza kwa kumtengenezea mashine. Safari hii alizipima zikiwa pamoja, kutwa nzima, na hakumruhusu mtu yeyote kusimama dirishani.

Tangu mwezi uliopita kompyuta haijaganda. Na kuna jambo jingine limebadilika. Siku hizi, katika redio hii, tangazo la kifo huanza na mahali, kisha ndipo jina. Mukandori ndiye aliyeliomba, na Papa Édouard hakubishana.

Zilibaki zawadi. Zingeweza kukaa kwenye beseni mpaka watu wazisahau, na wapo waliomshauri hivyo. Lakini Rosalie ni mtoto wa Dusabimana. Kopo la jirani lazima lirudi, na halirudi tupu.

Saa nne anajitwika beseni kichwani. Mwenye barrette ya giga nne anaipokea, anakula jibini papo hapo na kuuliza kama kuna jingine. Mwenye ile kongwe anasema alijua tangu mwanzo kwamba haifai, alitaka tu kusomwa jina. Bibi wa betri ya simu anapata kipande kikubwa kuliko vyote, na anaahidi kuleta betri nyingine. Kila mahali Rosalie anasema ukweli: yako iko nzima, lakini haikuelewana na wenzake, itafutie mashine yake. Hakuna anayekasirika. Anashangaa ni kitu gani hasa alichokuwa anakiogopa.

Kisha anakumbuka, kwa sababu ndani ya beseni imebaki moja, nayo ni fupi.

Anafika kwa binti wa Papa Zéphyrin saa sita inapogonga. Mzee yuko kwenye kigoda chake, redio gotini. Anamwinulia Rosalie kidole, kwa upole, kama anavyowainulia watoto. Wanasikiliza wote wawili mpaka mwisho: mazishi mawili, mama anayemtafuta mwanawe, ng'ombe mwenye doa jeupe. Mzee anapunguza sauti.

“Leo imefanya muzuri,” anasema.

Rosalie anapiga magoti kwenye vumbi, anaweka beseni chini, anafungua gazeti.

“Papa, njo hii ya Élie. Haikuingiaka mu ile masini hata siku moja. Iko fupi, na ile inaomba ndefu. Nilijua tangu ile siku, na sikukuambia. Unisamehe.”

Mzee anaichukua. Anaigeuza kwenye kiganja, anapitisha kidole kwenye ukingo uliosuguliwa. Ndani ya nyumba binti yake ameacha kutwanga.

“Na zile midi yote,” anauliza, akikumbuka saa sita zote alizosikiliza, “nani alikuwa anafanya kazi?”

“Za wengine, Papa.”

Anatikisa kichwa taratibu. Machozi yanamlengalenga na hajisumbui kuyaficha.

Rosalie anamwambia yaliyobaki, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa maneno. Kuna kompyuta za mezani ndogo, ndogo kama Biblia ya kanisani, na hizo zinatumia barrette fupi kama za kompyuta za mkononi. Zinakula umeme kidogo, paneli zile zile za redio zinatosha. Viateur anayo moja isiyo na kumbukumbu. Ameshampelekea picha ya barrette hii, wamelinganisha kata na maandishi yake, na zinakubaliana. Giga nne zake zinatosha kabisa kwa kazi moja ya kurekodi. Redio imekubali: itakuwa mashine ya kurekodia watu waliotoka Walikale, waseme kwa lugha zao wenyewe wanamtafuta nani.

“Ile fupi inaingia?” anauliza mzee.

“Inaingia, Papa. Nitaipima mbele yako. Ikikataa, nitakuambia ile ile saa.”

Mzee anaifunga tena kwenye gazeti na kumrudishia. Rosalie anampa jibini kwa mikono miwili, kama baba yake alivyomfundisha. Papa Zéphyrin analiangalia, analinusa. Ni wazi analipenda. Kisha analirudisha ndani ya beseni, polepole, kando ya barrette.

“Nilikuambia mwenye mbwa anapata fungu, hata mbwa haikukamata kitu,” anasema. “Lakini mbwa lazima ikuwe imeenda pori. Yangu haijaenda. Utaniletea fungu ile siku itatoka.”

Anaongeza sauti ya redio. Wimbo unapigwa, na watoto wa jirani wanaanza kukimbizana uani. Leo hawanyamazishi.

Boti yenye kompyuta ndogo ya Viateur inatarajiwa wiki ijayo, barabara na ziwa vikiruhusu. Rosalie anarudi sokoni na beseni kichwani, ndani yake barrette moja fupi na kipande kimoja cha jibini. Muuza ndizi anamuuliza kwa nini hilo limebaki, na kama linauzwa.

“Iko ya mutu,” anamjibu, na kulisogeza kivulini. “Fromage ya kwetu haiharibikake mbio. Itangojea.”